Mpangaji Mnunuzi na Familia Zisizokopesheka za Moshi

Mpangaji mnunuzi ni mtu anayeingia katika nyumba kwa mkataba wa kupanga, huku sehemu ya anachokilipa kila mwezi ikihesabiwa kuwa bei ya nyumba hiyohiyo. Miaka ikipita na malipo yakitimia, mpangaji anakuwa mwenye nyumba. Kipindi chote hicho hati hubaki kwa aliyejenga, liwe ni shirika la umma, halmashauri au chama cha ushirika, na jina la mpangaji huingia kwenye hati baada ya shilingi ya mwisho kulipwa. Hapo ndipo utaratibu huu unapoachana na mkopo wa benki. Anayekopa benki huinunua nyumba leo kwa fedha ya benki na kuiweka rehani. Akishindwa marejesho, nyumba hupigwa mnada. Mpangaji mnunuzi hana cha kuweka rehani, na wala hatakiwi kuwa nacho. Dhamana ni nyumba anayoishi, ambayo bado si yake.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Moshi kuliko miji mingi ya Tanzania, kwa sababu Moshi ni mji ambao watu wake wengi wanafanya kazi na wanapata fedha, lakini hawakopesheki. Afisa mikopo akipokea maombi ya mkopo wa nyumba huuliza habari ya ajira ya kudumu, hati ya mshahara, kianzio, na hati miliki ya kiwanja kilichopimwa. Mama anayeuza mitumba katika soko la Memorial hana hata kimoja. Muuza ndizi wa Kiboriloni hana. Dereva wa bodaboda hana. Wagumu, kama wanavyoitwa wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii kwenda juu mlimani, hupata fedha nzuri kati ya Juni na Oktoba na tena kuanzia Desemba, kisha masika ya Aprili na Mei hukaa bila safari. Ukijumlisha mwaka mzima, huenda mgumu akawa na kipato kinachokaribia cha mtumishi wa ngazi ya chini. Lakini benki haipimi mwaka. Benki hupima mwezi, na mwezi wa Mei wa mgumu ni mtupu.

Watu hao wanaishi wapi? Wengi wako Pasua, Njoro, Majengo, Kaloleni, Soweto na Msaranga, katika vyumba vya kupanga. Nyumba moja ina vyumba sita au vinane pande mbili za korido, na kila mlango ni familia. Ndani, pazia hutenganisha kitanda cha wazazi na godoro la watoto. Jiko la mkaa huwashiwa nje ya mlango. Choo na bomba ni vya wote. Mita ya Luku ni moja, na kila umeme unapokata huanza hesabu ya nani ana friji na nani ana balbu moja tu. Kodi hudaiwa kwa mkupuo, mara nyingi ya miezi sita, na dalali aliyeonyesha chumba huchukua chake cha mwezi mmoja. Tuseme chumba ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 840,000. Kwa miaka 15, muda wa mtoto kuzaliwa hadi kuwa kidato cha tatu, familia imelipa shilingi milioni 12.6, na siku ikiambiwa ihame haiondoki hata na tofali moja.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa. Je, si Wachaga, wenyeji wa hapa, wana vihamba? Kwa nini wasikope kwa ardhi yao? Swali hili ndilo kiini cha jambo lenyewe, na halijibiwi kwa neno moja. Kihamba ni shamba la ukoo lililoko mlimani, lenye migomba, kahawa, mfereji na zizi, na ndani yake yamo makaburi ya mababu. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa kihamba, na kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi. Waliozaliwa katikati hutakiwa kujitafutia kwingine. Vizazi vimepita, vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena, na leo sehemu nyingi za Kibosho, Uru, Marangu, Machame na Rombo kijana akipewa eneo lake ni la kujenga nyumba na kupanda migomba michache, basi. Wanawake kwa muda mrefu wameachwa kando kabisa katika urithi huo.

Ardhi ya namna hii haifai kuwa dhamana ya benki. Ikiwa imepimwa, cheti chake ni hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na benki nyingi husita kukipokea. Hata zikikipokea, nani atanunua mnadani kihamba chenye makaburi ya watu, katikati ya ndugu wa mdaiwa? Benki inalijua hilo. Ndugu nao wanalijua, na mtu anayetaka kuweka kihamba rehani atakutana na kikao cha ukoo kabla hajakutana na meneja wa tawi. Matokeo yake, wenye ardhi mlimani hawawezi kuigeuza kuwa mtaji, na wenye vibarua mjini hawana ardhi. Mlimani kuna nyumba kubwa za bati la rangi na vigae zinazofunguliwa Desemba, watoto wa ukoo wanaporudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kisha zinafungwa Januari. Huku chini, watu watano wanalala chumba kimoja. Hali hiyo haimaanishi kwamba Wachaga hawajui kujenga. Wanajenga sana, ila wanajenga palipo na ukoo na si palipo na kazi.

Mji wenyewe nao umebanwa. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji ukakua kuizunguka stesheni, chini ya Old Moshi. Eneo la Manispaa ni kama kilomita za mraba 59 tu, na sensa ya 2022 ilikuta wakazi zaidi ya 220,000. Juu kuna vihamba. Kusini kuna mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, yenye skimu ya umwagiliaji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na mbele yake mashamba ya miwa ya TPC. Kila kiwanja kinachoongezwa upande huo kinakula shamba la mtu. Bei ya viwanja inapanda kwa sababu hiyo, na ni makosa kuwalaumu madalali peke yao.

Sasa hesabu ya mkopo. Chukua nyumba ya vyumba viwili ya shilingi milioni 30, ambayo kwa bei za leo ni nyumba ya kawaida kabisa. Riba ya mikopo ya nyumba Tanzania imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Kwa riba ya 16 na muda wa miaka 15, marejesho ni kama shilingi 440,000 kila mwezi, na mpaka mwisho mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya milioni 79. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Kwa hiyo hata mwenye ajira ya serikali, aliye ngazi ya mwisho, hawezi. Nyumba hiyohiyo ikilipiwa kwa riba ya asilimia 5 kwa miaka 25, malipo yanashuka hadi kama 175,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinawezekana kwa mke na mume wanaohangaika wote wawili. Nyumba haijabadilika, saruji ni ileile, nondo ni zilezile. Kilichobadilika ni gharama ya fedha na urefu wa muda. Ndiyo maana mjadala wa nyumba za gharama nafuu unaoishia kwenye aina ya matofali na bei ya bati unaacha nje sehemu kubwa zaidi ya tatizo.

Tanzania imelijua tatizo hili tangu mwanzo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, nchi ikiwa na miezi michache ya uhuru, na kazi yake ya awali ilikuwa kubomoa vibanda vya mijini na kuwajengea wananchi wa kipato cha chini. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika mwaka 1990, na ndiyo sababu Shirika limekuwa mwenye nyumba mkubwa katikati ya miji yetu, Moshi ikiwamo. Mwaka 1973 ilianzishwa Benki ya Nyumba. Nyuma yake ulikuwapo mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliochangiwa na waajiri kwa asilimia 2 ya mishahara waliyolipa. Lilikuwa wazo zuri. Lakini madeni hayakurudi, usimamizi ukalegea, na Benki ya Nyumba ikafungwa mwaka 1995. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo Mtanzania wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa nyumba.

Milango ilianza kufunguliwa tena mwaka 2008. Bunge lilipitisha sheria iliyowarahisishia wakopeshaji kudai nyumba zilizowekwa rehani, na nyingine iliyoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani ghorofa moja au fleti moja, kwa hati yake mwenyewe. Mwaka 2010 iliundwa kampuni ya TMRC ili kuyapatia mabenki fedha ya muda mrefu. Mikopo imeongezeka kweli, na sifa hiyo ni stahiki. Hata hivyo jumla ya mikopo ya nyumba nchini haijafika asilimia 1 ya pato la taifa, na wanaoipata ni wenye mishahara. Shirika la Nyumba nalo, baada ya sheria yake kurekebishwa mwaka 2005, lilitakiwa kujiendesha kibiashara. Katika miaka ya 2010 lilijenga nyumba za gharama nafuu katika wilaya nyingi, kama Kibada, Mkinga, Mlole ya Kigoma, Mkuzo ya Songea na Ilembo ya Katavi. Nyumba zilikuwa imara. Ila bei yake ilibeba mzigo usio wa nyumba: kuvuta maji na umeme mpaka kwenye mradi, kuchonga barabara, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mnunuzi wa kipato cha chini akawa analipia barabara ambayo kwingineko hujengwa na serikali kwa fedha ya wote.

Katika hali hiyo ndipo utaratibu wa mpangaji mnunuzi ulipopata nguvu. Watumishi Housing ilianzishwa kuwajengea watumishi wa umma, na kupanga huku ukinunua ni njia yake mojawapo. Mfano wa Magomeni Kota jijini Dar es Salaam unafundisha zaidi, kwa kuwa unawahusu wapangaji wa siku nyingi wasio na kitu. Familia 644 zilizobomolewa nyumba zao za zamani zilijengewa maghorofa na Wakala wa Majengo, yakazinduliwa Machi 2022. Ziliahidiwa kukaa miaka mitano bila kodi, kisha kununua kidogokidogo kama wapangaji wanunuzi, bila gharama ya ardhi kuingizwa katika bei. Hoja ya kuondoa ardhi kwenye bei ni ya maana sana. Ardhi ya umma ikibaki ya umma, kinachouzwa ni jengo tu, na jengo peke yake maskini anaweza kulifikia.

Nje ya mipaka yetu kuna mengine ya kuangalia. Brazili ilianza mwaka 1999 mpango wa kupangisha kwa haki ya kununua, ukisimamiwa na benki ya serikali ya Caixa: familia ililipa kodi kwa miaka 15, na mwishoni ikachagua kununua. Kenya imelipeleka jambo hili mbali zaidi hapa Afrika Mashariki. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi kilekile. Mei 2025 familia za kwanza zaidi ya 1,000 zilipewa funguo huko Mukuru, Nairobi, na nyumba ndogo kabisa inalipiwa kama shilingi 3,900 za Kenya kwa mwezi. Makato hayo yamelalamikiwa sana na yamefikishwa mahakamani. Lakini fedha imepatikana, na Tanzania, iliyowahi kuwa na makato ya namna hiyo miaka ya 1970, haina haki ya kuliona jambo hilo kuwa geni.

Mpangaji mnunuzi ana hatari zake, na zote zimo katika mkataba. Kubwa kuliko zote ni hii: aliyelipa kwa miaka tisa akishindwa mwaka wa kumi, fedha yake inakwenda wapi? Mkataba mbovu huhesabu kila alichotoa kuwa ni kodi ya kawaida, na familia hutolewa mikono mitupu. Mkataba wa haki hutenganisha tangu siku ya kwanza kodi ya kukaa na akiba ya kununua, huandika kiasi cha kila moja kwenye risiti, na hueleza jinsi akiba itakavyorudishwa. Pasipo kipengele hicho, jina la mpangaji mnunuzi ni la kumpandishia mtu kodi tu.

Linafuata suala la matengenezo. Masika ya Kilimanjaro si ya mchezo. Bati likivuja Aprili dari huanguka Mei. Mpangaji husema nyumba si yangu, shirika husema wewe ndiye mnunuzi, na maji yanaendelea kuingia. Lazima iandikwe nani anatengeneza paa, nani anapaka rangi, nani anazibua choo. Halafu kuna kifo. Kwa kuwa hati bado haijatoka, haki ya marehemu iko hewani, na mlimani urithi huamuliwa na ukoo. Mjane aliyechangia kila mwezi kwa fedha ya mitumba anaweza kukuta shemeji amekwenda ofisini kabla yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humlinda mwenzi dhidi ya kuuzwa kwa nyumba ya ndoa bila ridhaa yake, lakini ulinzi ulio bora ni majina mawili kwenye mkataba tangu mwanzo, la mke na la mume.

Kipato kisicho cha mwezi kinahitaji ratiba isiyo ya mwezi. Mgumu angelipa sehemu kubwa Septemba na Februari, kidogo Aprili. Mkulima wa kahawa angelipa baada ya msimu wa kuuza. Mkoa huu una uzoefu wa jambo hilo kuliko mikoa mingi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianza mwaka 1933, na kwa miongo mingi makato madogo kwenye kila kilo ya kahawa yalijenga shule na kusomesha watoto. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 na leo ni chuo kikuu, kiko mjini hapahapa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaruhusu ushirika wa nyumba. Huko Chamazi, Dar es Salaam, watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijikusanya kwa vikundi vya akiba, wakanunua ekari 30 na kujenga kwa ushirika wao. Hawakuwa na mishahara. Walikuwa na daftari la akiba na kikao cha kila wiki, vitu ambavyo kila kikoba cha Pasua kinavyo.

Nyumba yenyewe si lazima iwe imekamilika. Watanzania hujenga kwa hatua: msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, lenta, kisha kupaua ikipatikana fedha ya mbao na bati. Miradi ya viwanja na huduma ya miaka ya 1970, iliyozaa Sinza na Kijitonyama, ilijengwa juu ya mwenendo huo. Halmashauri ikitoa kiwanja chenye maji, choo, na chumba kimoja au viwili juu ya msingi unaoruhusu kuongeza, bei ya kuanzia inapungua sana, na familia inaongeza chumba cha tatu kwa nguvu yake. Kusubiri nyumba kamili yenye jiko la kisasa na geti ndiko kulikofanya nyumba nyingi zilizoitwa za gharama nafuu ziishie kwa watu wenye uwezo.

Kwa Moshi, uamuzi wa kwanza ni wa ardhi. Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi zikitenga ardhi ya umma iliyo mbali na mpunga na mbali na vihamba, na kuiacha nje ya bei, malipo ya mwezi yanaweza kuisogelea kodi inayolipwa leo Njoro na Majengo. Uamuzi wa pili ni wa barabara, maji na umeme, ambavyo vinapaswa kulipwa na mamlaka zinazohusika kama zinavyofanya mitaa mingine. Na kwa familia itakayoletewa mkataba: isiweke saini kabla ya kusomewa, kwa Kiswahili, kipengele kinachosema akiba yake itarudishwaje ikishindwa kuendelea, na kabla ya kuona majina ya mke na mume yote mawili kwenye ukurasa wa kwanza.